Swali la Mkolani na Makasri ya Unguja

Kama umewahi kwenda fildi unajua kwamba swali gumu haliletwi na mkaguzi aliyekaa nyuma ya darasa. Linaletwa na mtoto. Mwaka jana nilipangiwa shule moja hapa Mkolani, kidato cha kwanza, somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nilijiandaa vizuri tu. Andalio la somo lilishasainiwa, na picha nilikuwa nimeziprinti kwa bumu langu mwenyewe. Katikati ya picha hizo nikachomeka moja ya ngome ya Ulaya, ile yenye minara, handaki la maji kuizunguka na bustani pana mbele yake, nikidhani wanafunzi watachangamka wakiilinganisha na vitu vya kwetu. Kweli wakachangamka.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi nyumba za wafalme wetu ziko wapi?"

Nikajibu haraka haraka, maana kipindi kilikuwa kinakwisha: "Sisi tulikuwa na watemi. Hawakujenga majumba ya namna hiyo." Binti akainamisha kichwa akaandika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa na hakika na nilichosema, lakini yeye alikiandika kama kilivyo, kwa kalamu ya wino.

Jioni nikampigia simu bibi yangu, anakaa upande wa Kisesa. Baada ya salamu nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hilo neno Ikulu unafikiri wamelitoa wapi?"

Nilinyamaza. Nimekua nikilisikia neno hilo kwenye taarifa ya habari, Ikulu ya Dar es Salaam, Ikulu ya Chamwino, na sikuwahi kujiuliza. Kumbe ikulu ni neno letu, sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi: ni mahali anapokaa ntemi, yaani nyumba yake, za wake zake, za walinzi, maghala na uwanja wa kukutania. Taifa zima linatumia neno la babu zetu kwa makao ya Rais, halafu mimi mwalimu mtarajiwa namwambia mtoto wa Kisukuma kwamba hatukuwa na kitu.

Makala hii ni matokeo ya swali lile. Nataka kueleza makasri yaliyo nje kidogo ya mji mkuu wa Zanzibar, ambayo niliyatembelea likizo ndefu iliyofuata: jinsi ya kuyaangalia, kwa nini yako vile yalivyo, na kwa nini yalinisaidia kulijibu swali la Mkolani.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana hapo ndipo nilipokosea mwanzo. Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo sisi tunayachanganya. Ngome ni ya vita. Ngome Kongwe ya pale Forodhani ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, na Fort Jesus ya Mombasa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukuta mnene, matundu ya mizinga, basi. Husuni nalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni ngome, ila Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hassan bin Sulaiman, jina ni la vita lakini jengo ni la starehe na biashara. Ina hata bwawa la kuogea lenye pembe nane. Kasri ni nyumba ya mtawala, ya kukaa na kupokea wageni. (Na gereza, kwa wale wanaopenda vitu hivi, wataalamu wanasema limetoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Safari ya neno hilo ingefaa makala yake.)

Kwa hiyo picha niliyowaonyesha wanafunzi ilikuwa ya ngome, na swali la binti lilikuwa la kasri. Mfalme wa Ulaya ya zamani alijificha nyuma ya handaki kwa sababu jirani yake alikuwa na farasi na mishale. Sultani wa Unguja tishio lake lilitoka baharini, na kwa hilo alikuwa na merikebu na mizinga mjini. Huko mashambani alikwenda kutafuta upepo na maji, na kuwa karibu na karafuu zake.

Nilipata bahati. Ninayekaa naye chumba kimoja hosteli kwao ni Bububu, kaskazini ya mji, na akanialika. Tukapanda basi Nyegezi, tukalala njiani, tukafika Dar es Salaam miguu imevimba kama mihogo, kesho yake boti. Kwa anayetoka kwenye ziwa kama mimi, bahari ina jambo moja la kushangaza: ukiamka asubuhi haiko pale ulipoiacha. Maji yamerudi nyuma, vyombo vimelala ubavu kwenye mchanga. Nilisimama kuangalia mpaka mwenzangu akaona aibu.

Ukiwa mjini, makasri mawili ya kwanza hayahitaji gari la kukodi. Unapanda daladala za Bububu, zinapita barabara ya pwani. Kama kilomita nne hivi unashuka Maruhubi, na mbele kidogo ni Mtoni. Nenda asubuhi, jua la saa sita halina huruma. Vaa kwa heshima, beba kitambulisho cha chuo, na usiwe na haraka, maana mwenye haraka ataona nguzo na mawe, atapiga picha mbili kisha atarudi.

Mimi nilikaribia kuwa huyo. Maruhubi kwa mtazamo wa kwanza ni safu za nguzo nene zimesimama kwenye majani, hazibebi kitu. Nikamwambia mwenzangu, "Ndiyo hii?" Ami yake, mzee aliyefundisha skuli miaka mingi, alikuwa ametufuata nyuma. Akaniambia, "Wewe umeanza na nguzo. Anza na maji, mwanangu."

Ushauri huo ndio ninaokupa na wewe. Kasri hili lilijengwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Waliokaa humu walikuwa hasa wanawake wa nyumba yake, mke na masuria. Watembezaji watakutajia idadi ya 99, nami nakuachia wewe na watembezaji. Lakini fuata maji. Utaona birika kubwa za kuhifadhia, mabaki ya mfereji ulioinuliwa juu ya matao, mabwawa yenye mayungiyungi, na hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ambayo bado unaweza kuingia na kuona vyumba vyake. Ukifuata njia ya maji umeshafuata maisha ya kasri: wapi walioga, wapi walikaa jioni, na bustani ilianzia wapi. Miembe mikubwa iliyopo ni sehemu ya bustani hiyo. Zipo pia kuta za uwanja, na inasimuliwa kwamba wazo la kuzungushia uwanja ukuta mrefu Barghash alilipata Uingereza alipotembelea mwaka 1875 na kuona mashamba ya mabwanyenye wa kule. Kama ni kweli, basi ile picha yangu ya fildi haikuwa mbali sana na hapa.

Huyu Barghash alijua thamani ya maji. Ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mama yake mwenzangu aliponipa maji ya kunywa jioni ile niliyaangalia kwa jicho jingine.

Sasa turudi kwenye nguzo. Mwaka 1899 Maruhubi iliungua. Ghorofa ya juu na roshani zilikuwa za mbao, zikateketea, zikabaki nguzo za mawe zilizokuwa zimezibeba. Hapa ndipo ami alipogeuka mwalimu kabisa, akatuchorea kwenye mchanga. Jengo la Unguja la zamani, alisema, ni mawe ya matumbawe yaliyogandamanishwa kwa chokaa na udongo, na dari lake linabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ikizidi urefu fulani inapinda, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Ndiyo maana hata nyumba ya sultani ina vyumba virefu lakini vyembamba, kama mita tatu hivi kwa upana. Utajiri hauwezi kuurefusha mkoko. Na ndiyo maana pia jengo la namna hii halifi kwa kuta, linakufa kwa paa. Paa likivuja, boriti zinaoza. Boriti zikianguka, mvua inaingia ndani ya ukuta na kulainisha chokaa. Mti unaota kwenye ufa, mizizi inapanua, jiwe linadondoka. Beit al-Ajaib pale mjini, iliyojengwa mwaka 1883 na Barghash huyo huyo, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 ikiwa katikati ya ukarabati. Watu walifia pale.

Mtoni ni jingine kabisa. Hili ndilo kasri kongwe kuliko yote ya ukoo huo Unguja, la Sayyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Jina ni la mto mdogo unaopita kando. Na lina kitu ambacho magofu mengi hayana: mtoto aliyezaliwa humo aliandika kitabu. Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Akiwa msichana alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka mwaka 1866, wakaoana Aden mwaka uliofuata, akawa Emily Ruete. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Kitabu chake kinaanza na nyumba hii. Anaeleza ua mkubwa ambamo tausi, swala, mbuni na flamingo walizurura, na watoto wa nyumba wakihangaika nao. Anaeleza hamamu zilizokuwa mwisho wa ua na michungwa iliyozizunguka. Anaeleza ile roshani ya mviringo kuelekea baharini, ambapo baba yake alitembea huku na huko akiwaza, akichechemea kwa sababu ya risasi ya vitani kwenye paja. Kwa hesabu yake, pamoja na watumishi, watu wa Mtoni walifika kama elfu moja. Ukisimama kwenye ua ule leo na maelezo hayo kichwani, kuta zilizovunjika zinaanza kujibu. Hapa walipita tausi. (Ikulu ya Dar es Salaam nayo ina tausi. Sijui watawala na tausi wana mkataba gani.)

Niliipenda Mtoni kuliko Maruhubi, na nakiri sababu si jengo. Ni kwa kuwa kuna mtu anaikumbuka kama nyumbani.

Lakini katika wale watu elfu moja, aliyeandika ni binti wa mwenye nyumba. Jambo hilo lilinikaa moyoni mpaka kesho yake, tulipokwenda Kidichi.

Kidichi iko ndani, unaiacha pwani pale Bububu na kupanda kuelekea kwenye mashamba ya viungo. Kasri hakuna. Kilichobaki ni hamamu ya Kiajemi, jengo jeupe la kuba kuba, ambalo Sayyid Said alilijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, binti wa ukoo wa Shah. Ndani kuna nakshi za plasta, maua na ndege, za mtindo wa Kiajemi, ajabu kwa sababu Waarabu wa Unguja wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuchonga ndege. Kuna mabirika, kuna mahali pa kukaa, na mwanga unaingia kwa matundu ya juu. Ni pazuri. Mtembezaji aliyekuwa na kundi la wageni alikuwa akisimulia habari za bibi huyo, uzuri wake, jinsi alivyopenda kuwinda na jinsi bwana alivyomjengea hamamu apumzike baada ya kutembelea mashamba.

Nikasikia neno mashamba, nikatoka nje.

Ukitoka nje ya hamamu ya Kidichi unaona mikarafuu na minazi. Hiyo ndiyo bustani ya kasri. Si maua ya kutazamwa. Ni shamba lililolipia kila kitu nilichokuwa nimekiona siku mbili zile. Sayyid Said alisukuma kilimo cha karafuu Unguja na Pemba kwa nguvu sana, na karafuu haina mashine: kikonyo kinachumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, mchumaji yuko juu ya mti, kisha kinachambuliwa na kuanikwa juani siku kadhaa. Karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiletwa kupitia Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash alitia saini akiwa amebanwa na Waingereza, na mwaka mmoja kabla yake kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Utumwa wenyewe kisheria uliendelea Zanzibar hadi 1897. Piga hesabu: Maruhubi ilijengwa soko likiwa limefungwa, lakini utumwa ukiwa bado halali.

Na hamamu inataka maji mengi na moto. Nikamuuliza ami, kuni zilitoka wapi? Akacheka kidogo. "Wageni wote wanaulizia bibi wa Kiajemi. Wewe wa kwanza kuniuliza kuni."

Pembe za ndovu je? Nazo ziliingia kwenye hazina ile ile, na hizo zilitoka kwetu bara. Zilibebwa mabegani, miezi kadhaa kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na wapagazi waliokuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi na Wasukuma. Wengi wa hao hawakuwa watumwa. Walilipwa, na safari ya pwani kwao ilikuwa jambo la kijana kujionyesha kuwa amekuwa mwanaume. Sikulijua hilo vizuri kabla ya pale, na nimesoma historia mpaka chuo. Nilikwenda Unguja kama mgeni wa kutazama majumba ya watu. Kidichi nikaona kwamba mawe yale yana deni kwa watu wa Kusini, na kwa watu wa kwetu pia, na hakuna kibao pale kinachowataja.

Dunga nitaipitia haraka, maana tulifika jioni na mvua ikatukimbiza. Iko katikati ya kisiwa, njia ya Chwaka, na ilikuwa makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, aliyeachiwa kuwaongoza watu wake chini ya kivuli cha sultani. Ilijengwa katikati ya karne ya 19. Utasimuliwa kwamba watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa. Sisi tunaosomea ualimu tutakutana na hekaya kama hizi kila mahali, na makosa ni mawili: kuwafundisha watoto kuwa ni kweli, au kuwacheka wanaozisimulia. Hekaya haithibitishi kilichomo ndani ya chokaa. Inaonyesha watu waliokaa jirani na nyumba ile walibaki na kumbukumbu gani juu yake, na hilo nalo ni somo la kipindi kizima.

Kilichonigusa Dunga ni alama za enzi ya Mwinyi Mkuu: ngoma na siwa. Kuta hazikutajwa. Ngoma! Nilikuwa nimetembea siku tatu kwenye mawe ya watu, nikakumbushwa kwamba kwa watawala wengi wa Afrika Mashariki enzi haikukaa ukutani. Kwetu Usukumani wazee waliokuwa wakimchagua ntemi na kumshauri wanaitwa banang'oma, watu wa ngoma. Aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa na nchi.

Hapo jibu la swali la Mkolani likaanza kunijia, na ni hili. Ikulu za watemi zilikuwepo. Zilikuwa za miti, udongo na nyasi, zimezungushiwa boma, na zilihitaji kuezekwa upya kila baada ya muda. Ntemi mpya mara nyingi alijenga mahali pake, ya zamani ikarudi kuwa shamba. Ajabu ni kwamba sisi wa Mwanza tunakaa juu ya mawe. Ukitazama vilima vya Mkolani, nyumba zimebanwa katikati ya majabali kama kuku darini. Mawe hayakukosekana. Ila nyumba ya nyasi inaishi maadamu kuna watu wenye wajibu wa kuiezeka, na serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, wajibu huo ulikosa mwenyewe. Nyasi hazina gofu. Mtoto akikosa gofu la kuona, anaambiwa na mwalimu mvivu kwamba hakukuwa na nyumba.

Ushahidi kwamba nyasi zinaweza kudumu uko ng'ambo ya ziwa letu hili. Kasubi, nje kidogo ya katikati ya Kampala, ni kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza iliyojengwa mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baadaye Makabaka watatu waliofuata wakazikwa humo pia. Nyumba kubwa ni ya miti, matete na nyasi, na dari lake lina pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Baganda. Uezekaji una ukoo wake maalumu, ndiyo maana ilifika karne ya 21. UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Machi 16, 2010 iliungua, wakaijenga tena kwa ufundi ule ule, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Linganisha na Maruhubi: moja ya mawe, moja ya nyasi, zote ziliungua. Iliyosimama tena ni ya nyasi.

Kwa sisi wa chuo hiki, mahali pa karibu pa kuanzia si Unguja wala Kampala. Ni Bujora, pale Kisesa, njia ya Musoma, safari ya daladala tu. Makumbusho ya Wasukuma yaliasisiwa na padri kutoka Kanada, David Clement, ambaye alijenga hata kanisa lake kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha ntemi, na ndani zimo ngoma za kifalme na vitu vya watemi. Nimezaliwa kilomita chache kutoka pale, na nilikuwa nimeingia mara moja tu, darasa la tano, nikikumbuka zaidi soda tuliyonunuliwa. Niliporudi likizo nikaenda na bibi. Tulipofika kwenye ngoma alivua viatu bila kuambiwa na mtu. Mimi nikavua vyangu.

Mwezi uliopita nikaenda kwenye shule ile ya Mkolani kumwomba mwalimu wa darasa nusu kipindi. Wako kidato cha pili sasa, wamerefuka. Nikawaambia kwamba mwaka jana niliwapa jibu lisilo sahihi, nikawaeleza niliyokueleza wewe, nikachora ikulu ubaoni: boma, nyumba za nyasi, maghala, mahali pa ngoma. Kulikuwa na minong'ono, maana mwalimu kuomba radhi si jambo la kila siku. Yule binti alitoa daftari la zamani kwenye mkoba. Sikutegemea angekuwa nalo. Akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya sentensi yangu, akaniuliza kama aandike tarehe ya leo au aache ile ya mwaka jana.

Nikamwambia aandike zote mbili.

Wanataka kwenda Bujora. Barua ya ruhusa kwa wazazi tayari, mkuu wa shule amekubali, nauli ndiyo tunachangishana. Kama uko idara ya historia na una Jumamosi ya bure, tunahitaji walimu wawili wa kusaidia kuwashika watoto 46. Tunaondoka getini saa mbili asubuhi.